Mama, Kamera ya Zizini Bado Ni Arobaini

Mpendwa Mama,

Kwenye simu hatuzungumzi tukashiba. Ukipiga tu kutoka huko Amerika kwa binti yako Moraa, Mzee anaichukua, anakwambia sisi wazima, ng'ombe mzima, chai inachumwa, kisha anairudisha mezani kama mtu aliyemaliza kutoa ripoti. Nami nikiwa nimekaa naye sebuleni siwezi kukusimulia habari zake masikio yake yakiwa pale pale. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Jiandae, unajua maneno yangu hayaishi haraka.

Leo asubuhi nilifungua ukurasa wa rauta nione kwa nini waifai inasuasua, nikaiona tena ile orodha yetu ya vifaa na namba zake. Nikacheka peke yangu mpaka Nyaboke akaja kuuliza mama anacheka nini. Unakumbuka tulivyoanza?

Mzee alikuwa ameteleza kwenye ule mteremko wa shamba la chai akavunjika mguu, na daktari akasema alale wiki nane bila kuukanyaga. Wiki nane, Mzee yule. Ng'ombe wake alikuwa na mimba kubwa, naye kila baada ya muda mfupi alitaka kujua kama amekula, kama amelala, kama amelalia upande gani. Ulikuwa ukienda zizini, ukirudi kumpa jibu, anakupa swali lingine. Nilipoona miguu yako inaanza kuvimba, nikapata wazo la kamera. Mwanao, mume wangu, akainunua Kisii mjini, tukaifunga juu ya hori. Ile TV ndogo ikapelekwa chumbani kwenu pamoja na kisanduku cha kuleta picha, na Mzee akamwona ng'ombe wake akitafuna majani. Siku hiyo alikunywa uji wote.

Kesho yake stima ikapotea. Iliporudi, TV ikawa nyeusi.

Tatizo nililijua, maana sikufanya kazi kwenye saiba ya kompyuta Suneka miaka mitatu bure. Rauta yetu ikizimika husahau ilimpa nani anwani gani, na ikiwaka huanza kugawa upya kwa anayewahi. Kamera iliyokuwa na namba moja asubuhi, mchana ina nyingine, na TV inaendelea kuitafuta kule kwa zamani. Kulikuwa na kazi ndogo tu ya kuingiza namba mpya kwenye TV. Lakini mimi, fundi mwenyewe, kwa mila zetu siwezi kukanyaga chumba cha baba mkwe. Mwanao naye, tangu atahiriwe, haingii chumbani kwa wazazi wake. Nyaboke angeingia bila shida, ila namba alizozijua ziliishia tano. Ukabaki wewe, Mama, na rimoti.

"Andika moja, tisa, mbili," nilikuwa nikikwambia nikiwa nje ya mlango.

"Moja iko wapi kwa hii kitu?"

"Juu kushoto, Mama."

"Imeandika saba."

"Futa, tuanze tena."

Na sauti ya Mzee ikikuita wewe mkewe kutoka kitandani: "Omong'ina, lete magongo niende nimwone mwenyewe."

Hilo ndilo lililokuwa likitutia hofu. Mfupa ulikuwa haujashika, na kila picha ilipopotea yeye alianza kushusha mguu. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba akianguka tena huenda asitembee sawasawa maisha yake yote. Na stima zetu unazijua zilivyo msimu wa mvua.

Basi nikapanda juu ya ndoo pale zizini, ng'ombe akininusa sketi, nikanakili ile namba ndefu iliyobandikwa chini ya kamera kutoka kiwandani. Nikaiingiza kwenye rauta na kuiambia kwamba chombo hiki, kila kitakapoamka, kipewe 192.168.1.40 na si nyingine. Wewe ukaiandika arobaini kwenye TV kwa mara ya mwisho. Stima ikapotea jioni hiyo hiyo, ikarudi, na ng'ombe akarudi nayo. Ulichukua karatasi ukaandika "Kamera 40, printa ya Mama Nyaboke 41", ukaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Ulijivuna wewe, Mama, mpaka wenzako wa kanisani wakaletwa jikoni kuisoma.

Kisha nikaenda Suneka siku mbili kumwona mama yangu. Niliporudi, nikakukuta katika mlango wa chumba umemshika Mzee sweta kwa nyuma, naye ana gongo moja tu. Picha ilikuwa ikija na kupotea, ikija na kupotea, na yeye alikuwa ameshindwa kuvumilia.

"Mtandao umeharibika na mimi sijagusa kitu mbaya," ukaniambia baada ya kumrudisha kitandani. "Nimeipa tu TV arobaini yake pia. Si wanaangaliana? Nyaboke wako na Nyaboke wa shemeji yako wote waliitwa jina la mama yake Mzee, na hawajawahi kugombana."

Mama, niliuweka mkoba wangu chini pale jikoni. Miaka sita nilikuwa nimeolewa katika boma lako na sikuwahi kukwambia hapana, hata siku ile uliponilaumu kwa chumvi ambayo sikuitia mimi. Nilikuogopa, sasa naweza kukwambia. Lakini nilimfikiria Mzee na gongo lake moja.

"Jina wanaweza kuitwa hata kumi," nikasema. "Hii namba ni ya mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja anamzuia mwenzake."

"Kwa hivyo nimekosa."

"Umekosa, Mama."

Ulinitazama. Kisha ulicheka, ukakaa juu ya gunia la mahindi ukaendelea kucheka, ukajipangusa macho na leso. "Basi TV ipewe hamsini," ukasema. "Na siku ingine usiningoje nivunje mzee ndio useme." Nilikupenda sana siku ile, na woga wangu uliisha hapo hapo jikoni.

Ng'ombe alizaa Jumanne mchana. Wewe ulikuwa zizini umekunja mikono ya nguo, mimi nilikuwa sebuleni na kompyuta, na Mzee alikuwa upande wa pili wa ukuta na TV yake. Hakukuwa na mtu wa kupokeza maneno kati yetu. Kwa kawaida yeye angekuita wewe, wewe uniambie mimi.

"Mama Nyaboke," akaniita mwenyewe, taratibu. "Mwambie asivute. Mguu wa mbele umetoka mmoja tu. Atafute huo mwingine kwanza."

Nilikimbia. Nikakwambia, ukarudisha ndama ndani kidogo, ukautafuta mguu, ukaupata. Nikakimbia tena mpaka kwenye ukuta kumwambia, lakini alikuwa ameshaona. Ndama jike, mweusi, masikio marefu. Na Mzee alikuwa bado kitandani. Hakushusha mguu hata kidogo.

Leo anatembea, Mama. Ana fimbo, lakini ni ya kuwafukuza kuku tu. Moraa akikuuliza baba yake anaendeleaje, mwambie alifika Itumbe kwa miguu na kurudi. Umlelee huyo mtoto wake mchanga vizuri, na baridi ya Amerika isikupate kifua.

Kuna jambo moja tu nililotaka hasa kukwambia. Ulipoondoka niliiwekea simu yako namba yake, sitini, ili siku utakayorudi iingie yenyewe kwenye waifai ukiwa bado unakaribia geti. Mzee alinisikia nikimweleza mwanao. Tangu hapo, kila siku baada ya kukamua, anakuja sebuleni, anakaa kiti chake cha mbali, ananiomba nimfungulie ule ukurasa wa rauta. Anasema anataka kujua kama mtandao uko sawa.

Jana nilimwonyesha orodha yote ya vifaa vilivyounganishwa, nikamwambia uko sawa kabisa.

Akavaa miwani, akaisoma mpaka chini. "Hauko sawa," akasema. "Sitini haipo."

Njoo upesi, Mama.

Mkaza mwanao akupendaye,
Mama Nyaboke