Magunia ya Shangazi Yamo Kwenye Ripoti ya Taifa

Mpendwa Dada Mshauri wa redioni, nisaidie kabla sijaugua, chakula hakishuki na mke wangu anadhani nina mwanamke nje, kumbe kinachoninyima raha ni mahindi. Mimi ni mtaalamu wa hesabu katika ofisi inayokadiria kwa kompyuta nchi nzima itavuna nini, itatumia ardhi, maji na mbolea kiasi gani, na kama chakula kitatosha mpaka msimu mwingine, sasa mwaka huu takwimu za mkoa mmoja mkubwa zikachelewa, nikampigia shangazi yangu anayelima huko, akasema, "Magunia ishirini na mawili kwa ekari, mwanangu," nikaiweka hiyo namba kwa muda tu ili hesabu zisikwame, halafu kazi zikaniandama nikasahau kuitoa.

Juzi shangazi kaja kututembelea, nikamsifia mavuno, akacheka mpaka akashika mbavu: "Hayo ni ya shambani! Panya na fukusi wakishakula tunabaki na kumi na matatu. Mbona hukuuliza ya ghalani?" Dada, nikakimbilia kompyuta, namba yake bado imo! Ripoti imeshachapishwa, inasema chakula kipo tele, na Alhamisi hii wakubwa wanakaa kuamua wasinunue akiba. Bosi alinisifu mbele ya watu. Nikisema, nimekwisha. Nikinyamaza, labda mvua itaniokoa. Nifanyeje?

Mwenye Hofu

JIBU: Pole, ndugu yangu. Lakini jamani! Mkoa mzima umeupima kwa shamba la shangazi, na ghala lenyewe hukulichungulia? Kuziba pengo kwa namba ya muda si dhambi. Dhambi ni kuujua ukweli na kuuacha uongo ufike mezani Alhamisi. Na hiyo mvua unayoingojea haijaajiriwa ofisini kwenu.

Shangazi muache, alijibu alichoulizwa. Mkeo mwambie leo, naye apumue. Kisha kaa kwenye kompyuta, weka kumi na matatu, andika wazi kuwa ni ya shamba moja tu, endesha hesabu upya, chapisha ukurasa mmoja unaoonyesha upungufu, umpelekee bosi mkononi, useme, "Nimekosea mimi." Usimtumie ujumbe wa simu. Usisingizie kompyuta. Akifoka, acha afoke.

Unaweza kufukuzwa, sikufichi. Kazi hutafutwa tena. Akiba isiponunuliwa, mahindi yakiisha hakuna atakayeyapata, hata mwenye pesa zake. Leo ni Jumatano na bosi wako bado yuko ofisini. Zima redio, nenda.