Sahani ya Tatu

Mama Keza, dada yangu,

Nakuandikia nikiwa na njaa. Chakula kipo mezani mbele yangu, kimefunikwa, na nimekatazwa kukigusa. Aliyenikataza nitakueleza, ila kwanza nikupe habari za mkahawa wako.

Ndiyo, ule wa Kifaransa. Ule tuliokuwa tukiupita kwa basi tukitoka mjini, wenye mapazia ya lesi na taa ya shaba juu ya mlango. Kila mwaka ulisema, "Likizo hii tutakaa humo kama wake wa mabalozi." Na kila likizo iliisha tukiwa madukani Farsta tunatafuta viatu vya Keza, ambaye miguu yake ilikua bila huruma. Mwaka huu, likizo yangu ya Julai ilipoanza, nikasema liwalo na liwe, naenda, na Keza nitamvuta.

Sikwenda kwa raha tu, wacha nikuambie ukweli. Unakumbuka ulichoniomba hospitalini. Hukuomba mengi. "Keza asile peke yake." Basi. Nami nikaitikia haraka nikidhani ni jambo dogo. Tangu tukuzike mtoto amehamia kwangu hapa Rissne. Ana adabu, anaosha vyombo, ananiita Mama Mdogo ingawa mimi na wewe hatukuzaliwa tumbo moja. Lakini nikipakua, huchukua sahani yake, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nikimwita mezani ananijibu kwa Kiswidi kwamba hana njaa. Na wewe hakutaji kabisa. Nimekula mbele ya kiti kitupu jioni baada ya jioni. Niliona nimekuangusha, dada, na sikujua pa kulilia.

Basi nilipopiga simu kuomba meza, mdomo wangu ukasema watatu. Hata sikujisikia. Ndivyo tulivyozoea kusema, popote tuendapo: watatu.

Tulikwenda mchana. Ungepapenda! Vitambaa vya meza ni vyeupe hadi unaogopa kuweka kiwiko, na mhudumu ni mzee mwenye aproni inayofika kwenye vifundo vya miguu, anayefagia makombo ya mkate kwa kiburashi kidogo. Mimi na wewe, tuliofagia uwanja wa ndege miaka yote ile, tungemcheka mpaka tufukuzwe. Menyu yote ni Kifaransa. Aliyefundishwa Kifaransa na masista ni wewe, nawe hukuwepo, kwa hiyo nikanyoosha kidole kwa madaha, na nikaletewa konokono. Keza akacheka. Kidogo tu, kwa pua, kama wewe.

Hapo mzee akaona kiti cha tatu hakina mtu. Akainama aiondoe sahani, na mimi Kiswidi chote kikanitoka. Keza ndiye aliyeiwekea mkono. "Iache, ni ya Mama," akasema, kwa Kiswahili, akimwambia Mswidi wa watu. Mzee hakuelewa neno, lakini aliutazama ule mkono, akaiachia sahani na kuiweka sawa. Nililia juu ya konokono, Mama Keza. Wala sioni haya.

Kisha mtoto wako akafanya vituko vyako. Alikata kipande cha mkate, akaweka jibini, akakifunga kwenye karatasi na kukitia mkobani. Ah, wewe na kile kibakuli chako chenye kifuniko! Harusini, ubatizoni, hata matangani ulikibeba. Mimi nilikucheka, "Asiyekuwapo na lake halipo," nawe ukanijibu, "Methali hiyo ilitungwa na walafi." Na kila nilipokosa sherehe kwa sababu ya zamu, nilikuta mfuko unaning'inia kwenye kitasa cha mlango wangu, fungu langu bado lina joto.

Mkate ule Keza aliula kesho yake asubuhi, amesimama jikoni, nami nikajifanya sioni. Nikadhani mambo yamegeuka. Jioni akachukua sahani yake, akafunga mlango. Likizo yangu ikaisha hivyo hivyo.

Leo nimerudi kazini uwanja wa ndege, kule Märsta, zamu ya alfajiri. Nimeingia nyumbani alasiri, Keza hayupo, na kwenye kitasa cha chumba changu unaning'inia mfuko. Ndani kuna kibakuli chako, kile kile chenye kifuniko kilichopasuka pembeni. Maharage na ndizi. Na karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili: "Fungu lako, Mama Mdogo. Niko mazoezini. Usile peke yako, ningoje."

Usile peke yako. Dada, sikuwahi kumwambia ulichoniomba.

Nimeonja kijiko kimoja, unisamehe. Chumvi imezidi. Nitamaliza chote na kuomba nyongeza.

Pumzika sasa, rafiki yangu, usihangaike juu ya meza yetu. Nakuahidi nitamngoja kila siku, hata chakula kipoe, hata aje amenuna. Na likizo ijayo tutarudi kwa yule mzee wa aproni ndefu, na nitasema watatu, safari hii kwa kusudi.

Nasikia ufunguo mlangoni. Kwaheri, Mama Keza. Naenda kupakua.

Njeri wako