Kuni Alizozipanga Baba

Mama, shikamoo kutoka huku juu kwenye baridi.

Mimi mzima, ila pua imegeuka bomba. Kituo ni kilekile ulichokuwa ukihadithiwa: kuta za mawe, sakafu inayonung'unika ukiikanyaga, na jiko la chuma linalokula kuni kama mjomba mbele ya sinia. Siku hizi ni cha kihistoria, wageni huja kukipiga picha. Mimi ndiye askari wa msitu wa kwanza kulala humu tangu marehemu baba alipokifunga.

Unaijua desturi ya askari wa kituo hiki: anayeondoka humpangia kuni atakayemfuata. Za baba bado zipo ukutani. Mkuu wangu amezizungushia kamba, eti ni kumbukumbu, zisiguswe.

Jana baridi ilinizidi, nikachoma mbili. Baba hakuzipanga ili zitazamwe. Zilishika moto mara moja, Mama, na chumba kikapata joto hadi nikavua soksi.

Najua kwa nini hukunisindikiza. Mlima huu ulikaa na mumeo zaidi kuliko ulivyokaa naye wewe. Sikulaumu.

Zilizobaki sizigusi mpaka uje. Njoo tuote moto wake pamoja.

Kitinda mimba wako