Kaye ya Clémentine na Virgule Yenye Ilipotea

Kikula, Likasi
Tarehe 13 mwezi wa tisa, 1988

Mpendwa mwanangu Stanislas,

Pokea kwanza salamu za hapa nyumbani. Weye na Julie muko namna gani kule Kolwezi? Batoto banakula muzuri? Kifua cha Julie kilipona, ao angali anakohoa asubuhi? Siye tuko, kwa neema ya Mungu. Baba yako Mathieu angali anaenda ku kazi na velo, magoti yake inalia kuliko munyororo.

Sasa, mwanangu, ikala kwanza chini.

Unajua ile ordinateri, mashini ya kuandika hesabu ya cobalt ku biro ya usine, yenye ulimufundisha dada yako Clémentine mbele bakupeleke Kolwezi. Uliitengeneza vile: akipiga 325, mashini yenyewe inatia virgule, ile kaalama kadogo sawa mukia wa panya, inakuwa 3,25. Tani tatu na robo ya cobalt. Mwaka muzima vidole vyake vilizoea vile.

Mwezi wa nane muntu mumoja akakuja kutia programu mupya, akaondoa ile kawaida yako. Hakuambia muntu. Clémentine akapiga sawa siku zote, macho yake ku karatasi, hapana ku kioo ya mashini. Juma mbili. Ni sawa muntu akugeuzie kopo ya kupimia bunga ku soko: mukono unapima tu, haujue.

Mwisho wa mwezi bakahesabu. Kila pahali depo iko na tani tatu, mashini inasema mia tatu, ni sawa ingine iliibiwa. Chefu wake akamuuliza mbele ya bote: « Citoyenne Clémentine, ile tani ingine ulikula na bukari? » Bantu bakacheka. Chefu yeye hakucheka. Siku ya tano ya juma hii banamuita kujieleza, na askari batakuwa pale.

Tangu siku ile ninaogopa askari. Motokari ikisimama ku barabara, ninaacha kupepeta. Philomène, jirani wa ngambo, anataka kunichekesha: « Mama wa cobalt, motokari yako utanunua rangi gani? » Ninacheka naye, kisha ninarudi kusikiliza barabara. Kuko mama mumoja wa kanisa yetu, bwana yake balimufunga juu ya cobalt. Ni mwaka wa pili anapeleka sufuria ya chakula ku gereza ya Buluo.

Sasa neno lenye sijaambia hata baba yako. Juma iliyopita Philomène akaingia na mbio: « Askari bako banatafuta mu manyumba! » Nikakimbia ku chumba ya Clémentine. Chini ya godoro nikakuta kaye, daftari yenye kujaa namba. Kifaransa sijue kusoma, lakini ku ukurasa wa kwanza niliona jina yako. Nikaogopa juu yake, nikaogopa juu yako. Nikaitia mu mbabula ya makala, chini ya sufuria ya maharagi. Hakuna muntu alikuja. Balikuwa ku avenue ingine, juu ya maneno ingine.

Clémentine akarudi, akainua godoro. « Mama, kaye yangu iko wapi? Ni yenyewe nitabaonyesha! »

Akanieleza kumbe mule aliandika kila namba na virgule yake, mbele ya kuipiga. Na ule ukurasa wa kwanza ulikuwa mwandiko wako: piga bila virgule, mashini itaitia. Nikajibu sijue. Nilimudanganya mutoto wangu nikikoroga yale maharagi.

Basi ninakuomba. Andika karatasi, tia jina na sinyatiri yako, alama ya mukono, useme ni weye ulitia ile kawaida. Ninajua ni kusimama mbele ya macho ya bakubwa, na weye uko na batoto. Julie akikatala, nitaelewa. Lakini umuulize mara mbili. Georges, dereva mwenye kukuletea barua hii, anarudi huku siku ya ine asubuhi, mbele bamuite Clémentine. Umupe yeye mu mikono. Usiende ku posta, kule banafungua barua.

Leo Clémentine akirudi, nitamuambia kweli.

Umusalimie Julie, na batoto, Berthe na Édouard mudogo. Baba Mathieu na mama mukubwa Suzanne banabasalimia. Mungu abafungie mulango wa hatari, abafungulie ule wa amani.

Nilitaka kumaliza hivi: ukisha kusoma, choma. Hapana, mwanangu. Usiichome. Karatasi yako isipomuokoa Clémentine, barua hii itabaambia ni nani alichoma kaye, na ni mimi batakuja kuchukua.

Mama yako mudogo, mwenye kukubeba mu roho,

Émérence