Kofi la Asubuhi

Kokushubila mwanangu,

Ndizi nimeshamenya, ziko kwenye maji. Zipike na maharage ya jana. Ndama usimfungulie, ataharibu na kikapu kilichobaki. ~~Usiende kwa akina Jovita.~~ Huo mstari nimeufuta. Nenda, ila urudi kabla ya mvua.

Mimi niko shamba la ujamaa, leo ni zamu yetu ya kupalilia. Nimeondoka bila kukuaga kwa sababu nimeshindwa kukutazama machoni.

Lile kofi hukulistahili. Ndama aliingiza kichwa kikapuni, kikamkwama, akazunguka ua mzima haoni anakokwenda, nawe ukacheka. Tangu tumzike kaka yako Protase sijasikia kicheko hapa nyumbani. Niliona kama umeshamsahau, mkono ukaenda wenyewe.

Yule muuguzi wa zahanati ya Nshamba alinifundisha: uchungu ukinipanda, niweke chini nilichoshika, nitoke, nipumue polepole huku nikigusa mibuni yetu ya kahawa, mmoja baada ya mwingine. Leo nilikumbuka wakati nimeshakupiga. Nikaenda hivyo hivyo, nikafika mbuni wa mwisho bado nalia. Niliporudi nikakukuta nyuma ya mlango, umeuma kanga yangu ili nisikusikie unalia. Ile kanga ina alama nyingi za meno, mwanangu. Hukuanza leo.

Jioni ukitaka kulia, lia nisikie. Ukitaka kucheka, cheka.

Yule ndama, Protase angemcheka mpaka akae chini.

Mama