Paneli Nne Chumbani

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kalala. Nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, macho yanafumba yenyewe. Lakini barua ya ruzuku imekuja! Tukifunga umeme wa jua, serikali inalipa nusu ya bei. Nusu! Nikifumba macho naiona friji kwenye kona ile, inanguruma taratibu bila kukatika, maziwa yangu niliyojikamua yamepangwa ndani kwenye vichupa. Mimi niko kiwandani nashona sare, mtoto yuko kwa shangazi yake anashiba. Huu umeme wa kukatikakatika umeshanimwagisha maziwa mengi mno. Na msimamizi wa kiwanda kasema likizo ya uzazi mwisho tarehe kumi – nisiporudi, cherehani yangu anapewa mwingine.
Sharti ni moja, kwa wino mzito: mkaguzi alione paa kabla hakijafungwa chochote. Anakuja Alhamisi. Paneli duka limeshatuletea kwa mkopo. Ruzuku ikikosekana, zinarudi.

Jumanne, 4 Machi
Mchana nimelala na mtoto kifuani. Nikaota mvua inatembea juu ya bati, inatembea kwa miguu, inapiga na mluzi. Nimeamka – si mvua. Ni Chapchap, ndivyo tunavyomwita! Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi umeme. Hajawahi kusubiri kitu maishani, hata chai anakunywa ikichemka. Kafunga paneli zote nne.
"Nilikuona umechoka, shem," kasema, jasho linamtiririka. "Nikasema akiamka akute tayari."
Ningemgombeza vipi? Nilimpa maji kwanza. Alipomaliza kunywa ndipo nikamsomea lile sharti. Akakaa chini palepale, kofia mkononi. Sijawahi kumwona ametulia hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Mume wangu hakupandisha sauti. Kasema zishushwe, matundu yazibwe, nani atajua? Nikasema mimi nitajua. Akasema basi ujue kimyakimya, mke wangu. Nilikuwa namwaza msimamizi na tarehe yake.
Chapchap kazishusha asubuhi, akaziba matundu. Kwa mara ya kwanza amefanya kazi polepole.
Sasa zimeegemea ukuta wa chumbani, nyeusi, zinang'aa. Saa kumi jua limeingia dirishani, likazigusa, dari yote ikawa maji. Maji ya buluu yanacheza! Binti yangu kanyoosha mikono ayashike. Nimelala kando yake, mwili mwepesi, kama tunaelea wawili na nyumba imebaki huko chini. Sijui ni muda gani. Mume wangu karudi, kachungulia, kacheka: tumepata wageni wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuja na zawadi.
Nimecheka pia. Kisha nikajisikia vibaya.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi ni mwanamke wa makamo, buti kubwa, sauti ya upole. Kapanda, katazama, kashuka. Kasema paa zuri, imara. Kamshika mtoto shavu, akauliza kama analala usiku. Nikasema hajui hata maana yake. Tukacheka. Kisha akaweka fomu mezani, akanipa kalamu, akanionyesha mstari: nathibitisha kuwa hakuna kifaa kilichowahi kufungwa juu ya paa hili.
Saini tu. Mume wangu mlangoni ananikazia macho. Chapchap uani, anajifanya anasafisha koleo.
Nikamwaza binti yangu akiwa mkubwa, ananiuliza ule umeme wa friji tuliupataje. Nikaiweka kalamu chini.
"Samahani, mama," nikasema. "Kabla sijaandika, ingia chumbani utazame."
Mume wangu kageukia ukuta. Chapchap akaja mbio, anasema kosa ni lake, mimi nilikuwa usingizini. Mkaguzi kamwinulia kiganja, kaingia, kafunga mlango.
Nimekaa mezani naandika nikimsubiri. Fomu iko hapa, mstari mtupu. Nilidhani atatoka mara moja. Hajatoka. Namsikia anafungua faili, anageuza karatasi, moja, nyingine, nyingine tena.
Sasa anaita. Anaomba kiti na kalamu, anasema ipo fomu nyingine –