Mafuta kwenye Raba ya Mlango

Jumatatu, 16 Juni 2025

Pampu imevuta tangu Ijumaa na chemba ya mashine bado ina hewa mara ishirini ya inayoruhusiwa. Kwenye hewa hiyo utando mwembamba wa nikeli na chuma unashika kutu kabla haujajipanga juu ya glasi. Nimeotesha mmoja hata hivyo. Umetoka rangi ya chai kavu. Nikauweka chini ya leza, nikageuza sumaku — usumaku wake haukugeuka nayo. Kigae kichafu tu.

Dkt. Njenga, msimamizi wangu, alisimama mlangoni. Chuo kilichotuazima mashine kinaleta watu Jumatatu ijayo. Wakikuta haioteshi, wanaipakia kwenye lori. Akauliza kama nimeelewa. Nimeelewa. Ikienda, utafiti wangu unakwenda nayo, nami nabaki Kilifi na daftari.

Ajabu, sikuhuzunika. Naipenda hata ikinuna.

Jumanne, 17 Juni

Nimempata mkosaji: udi. Bi Mahfudha, fundi wa maabara, huchukua makoti yetu kila wiki, akayafua na kuyafukiza kama wanavyofukiza nguo kwao Lamu. Moshi ule una mafuta. Mafuta yakiingia kwenye chemba hugeuka mvuke polepole, na pampu haimalizi kazi.

Nilimwambia mbele ya Tevin na Fridah wa mwaka wa nne. Shikamoo yangu ilikuwa fupi kuliko shtaka.

Hakupandisha sauti. "Udi wangu una miaka mitatu humu, mwanangu, na mashine haijapiga chafya. Wewe una wiki sita."

Tevin akacheka. Mimi nikataja namba za pampu.

Alhamisi, 19 Juni

Makoti yamerudi yananuka sabuni ya kipande. Chumba kimekuwa kama ofisi ya posta. Jana tulifuta chemba yote kwa spiriti, pamoja na raba inayoziba mlango wake, tukavuta usiku kucha. Mara ishirini. Ileile.

Bi Mahfudha anasalimu, anakunywa chai yake, anakwenda zake. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 20 Juni

Mchana Bi Mahfudha alifungua chemba, akaitoa raba ya mlango kwa kibanio na kuiinua kwenye taa.

"Kadzo, njoo umtazame mgeni wako."

Alama za vidole. Vinne, vinang'aa, juu ya raba tuliyoifuta juzi tu. Akanusa. "Nazi."

Mkono wangu ulikuwa tayari kichwani. Na glavu nimevaa! Nikifikiri hurudisha nywele nyuma, na wiki sita zilizopita mama aliniletea chupa ya mafuta kutoka Rabai, ameyakamua mwenyewe. Kila nilipofungua chemba nilivaa glavu mpya. Kisha nikafikiri. Nafikiri sana.

Bi Mahfudha alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mashine ya watu umeisinga mafuta kama mwali!"

Nikacheka nami. Lakini radhi sikuomba. Maneno yalifika mdomoni, nikauliza raba mpya iko wapi.

Jumatatu, 23 Juni

Saa tatu na nusu. Raba mpya, pampu imevuta Jumamosi na Jumapili, na hewa imeshuka chini ya kiwango. Gesi ya argoni imeingia, mwanga wa zambarau umewaka. Dakika kumi na mbili za kuotesha. Naandika kwenye meza ya pembeni, mikono mbali na kila kitu.

Asubuhi nilimsubiri Bi Mahfudha mlangoni. Shikamoo nzima. Nikamwambia nilimtia aibu mbele ya watoto kwa kosa langu, anisamehe. Kisha nikamwomba mtandio wake wa akiba, nifunge nywele.

Akanitazama. "Huu nimeufukiza jana."

"Najua. Ndio ninaoutaka."

Aliufunga mwenyewe, kwa nguvu, hata nyusi zangu zikapanda. Akasema sasa fikiri utakavyo, huna pa kushika.

Zimebaki dakika tano. Gari limesimama nje. Dkt. Njenga anawakaribisha wageni wa chuo kwa sauti asiyoitumia kwetu. Kwenye kidirisha glasi imeanza kung'aa kama kioo, lakini hata utando ule mbovu ulianza hivi. Leza ndiyo itakayosema, na itasema mbele yao.

Bi Mahfudha amewasha taa ya leza bila kuambiwa. Ananivutia kiti.

Dakika mbili. Mkono umepanda tena kichwani. Umekuta mtandio, ukashuka. Chumba kinanukia. Viatu vyao viko kwenye ngazi.